Kicheko Katika Chumba cha Nyuzi

Wazazi wake walimwita Shizuko, jina lenye utulivu ndani yake, na tangu siku hiyo mtaa wetu mzima wa Shiroko unasubiri utulivu huo ufike. Mimi ni binamu yake, naitwa Tazu. Tumelala godoro moja tangu utotoni, kwa hiyo nikikwambia kwamba mtoto huyu alijua kucheka kabla ya kujua kulia, usidhani natia chumvi. Chumvi naitia kwenye figili tu.

Kicheko chenyewe hakikuanzia mdomoni kama cha watu wengine. Kilianzia mabegani. Kwanza mabega yalitikisika, kisha masikio yakageuka mekundu, kisha pua ikapiga filimbi kama birika linalokaribia kuchemka, na baada ya hapo hakuna aliyepona. Kilikuwa kinaambukiza. Ulijikuta umeshika mbavu, ukimuuliza tunacheka nini, naye anakujibu kwa machozi kwamba hata yeye hajui. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ningependa waliosema hivyo waishi na Shizuko wiki moja.

Alicheka shuleni akatolewa nje. Alicheka kwenye mazishi ya mkuu wa zimamoto, kwa sababu mtawa alipiga chafya katikati ya sala na kitabu kikajifunga, kikambana pua. Mjane alicheka naye, na baadaye akasema ndiyo mara ya kwanza kupumua tangu mumewe afe, lakini mama yake Shizuko hakutaka kusikia hayo. Kisha mshenga akaleta mchumba kutoka Tsu, kijana mpole, mtoto wa muuza chai. Walikaa kwa magoti kwenye mkeka, wazazi huku na wazazi kule, wakisifia hali ya hewa hadi sifa zikaisha. Kijana aliposimama kuaga, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alianguka kifudifudi juu ya sahani ya mochi, yale maandazi ya mchele yanayonata. Watu wazima wote wakatazama dari, kama adabu inavyotaka. Shizuko hakutazama dari. Mshenga aliondoka bila kumaliza chai yake.

Baba yake, mjomba wangu Eikichi, ni mtengeneza karatasi. Si karatasi ya kuandikia, bali ya kuchonga. Hubandika karatasi za magome tabaka juu ya tabaka kwa maji ya kaki, lile tunda ambalo likiwa bichi lina ukakasi wa kukunja ulimi. Maji hayo huachwa yachachuke mwaka au zaidi, na harufu yake sitaki kuisema mbele ya mtu anayekula. Karatasi huanikwa juani kwenye mbao, hufukizwa moshi wa unga wa mbao, mwisho inakuwa ya kahawia, ngumu, haiogopi maji. Mgeni akishuka kwenye treni hapa kwetu wakati wa kiangazi huziba pua. Sisi tukitoka safari tunavuta hewa kwa nguvu na kusema, ah, nyumbani.

Karatasi hiyo huenda kwa wachongaji. Nao huichonga nakshi kwa visu vidogo kama sindano, ikawa kiolezo, kisha inakwenda kwa watia rangi wa Tokyo na Kyoto. Mtia rangi huilaza juu ya hariri, hupitisha uji wa mchele, na pale palipo na tundu uji unapita na kushika kitambaa, rangi isiingie hapo. Kila kimono cha maana unachokiona kimepita mikononi mwa mtu wa hapa aliyeumwa mgongo. Hilo nalisema kwa majivuno na sitaomba radhi.

Mwaka mmoja, vita ikiwa imekwisha na watu wameanza kukumbuka kwamba nguo inaweza kupendeza, Mjomba Eikichi alichoka na kicheko kile. Wakala wa kiwanda cha nyuzi za pamba huko Yokkaichi alikuwa amepita akitafuta wasichana. Mjomba akamwambia binti yake, wakati tunakula:

"Ukimaliza sikukuu ya Bon, utakwenda kiwandani. Utalala bwenini na wenzako. Huko mashine zinapiga kelele usiku na mchana, hata ukicheka hakuna atakayekusikia."

Nilimgeukia Shizuko nikingojea mabega. Hayakutikisika. Aliweka bakuli la supu chini taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona binamu yangu hana kicheko hata cha kuazima. Iliniuma.

Maana kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo Shizuko alitulia, napo ndipo alipopataka kuliko mchumba wa Tsu na wa kwingineko. Ni kwa Bibi Yone, katika chumba cha nyuzi.

Hebu niseme kazi hiyo ni nini, maana wanaume wa hapa wakisimulia huruka sehemu hii kwa kuwa inafanywa na wanawake. Kiolezo cha mistari kikishachongwa, kinabaki vipande virefu vyembamba vya karatasi, vyembamba kuliko tambi, vilivyoshikwa juu na chini tu. Mtia rangi akipitisha uji, vinayumba kama walevi. Kwa hiyo mchongaji huchonga karatasi mbili zikiwa zimelaliana. Sisi wa chumba cha nyuzi tunazitenganisha, tunatandaza nyuzi za hariri katikati, huku na huku na mshazari, kwenye fremu ya mbao, kisha tunarudisha karatasi ya pili juu ya ya kwanza kwa maji ya kaki, kila mstari juu ya pacha wake. Ukikosea kwa upana wa unywele, kazi ya mwezi mzima ya mchongaji ni ya kuwashia moto.

Na humo chumbani chuma hakiingii. Chuma na kaki vikikutana ni weusi papo hapo, weusi usiotoka. Ndoo zetu ni za mbao, mikasi ni ya shaba, na Bibi Yone alishawahi kunichapa kwa sababu ya pini moja ya nywele. Alinichapa kwa upawa, alama ilibaki wiki nzima.

Shizuko akiinamia nyuzi alikuwa mtu mwingine. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, midomo imefumbwa, macho yametulia. Lakini Bibi Yone alifanya kazi za mdogo wake, Fundi Kihei, na Fundi Kihei alikuwa amempiga Shizuko marufuku nyumbani kwake, na chumba cha nyuzi kimo humo humo.

Huyo Kihei alikuwa mchongaji wa mistari, hodari kuliko wote waliobaki. Alikuwa na upara unaong'aa, nyusi nene, na uso ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuona ukicheka. Mchongaji wa mistari huweka rula, huvuta kisu kuja kwake kwa mwili wote, na muda wote kisu kinapotembea hapumui. Akipumua, mstari unapumua naye. Kihei alishika pumzi muda mrefu kiasi kwamba jirani mmoja mgeni aliwahi kumwita daktari. Muuza tofu, ile jibini ya soya, akipita mbele ya nyumba yake alikuwa hapulizi tarumbeta yake ya kuitia wateja, akifika kona ndipo anapuliza. Paka alikuwa ameshahama mwenyewe.

Sasa, miaka michache nyuma, Shizuko alipita nje ya dirisha lake na kicheko chake. Kisu kikateleza. Mstari mmoja ukakatika, na mwezi wa kazi ukaenda. Kihei hakupiga kelele. Alikitundika kile kiolezo kilichoharibika ukutani mwa chumba cha nyuzi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Basi, wakati ule ule Mjomba anazungumzia kiwanda, barua ikaja kwa Kihei kutoka kwa mtia rangi wa Tokyo, Bwana Wakisaka. Alitaka mistari myembamba kuliko yote ambayo Kihei aliwahi kuchonga. Angekuja kuichukua mwenyewe, na akiridhika angetoa kazi kwa mtaa mzima. Kihei akachonga mwezi mzima. Mtaa ukatembea kwa ncha za vidole. Siku mbili kabla ya mgeni kufika, akaibeba kazi yake kwa mikono miwili hadi kwa dada yake.

Bibi Yone aliigusa, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali.

"Kihei, mdogo wangu, macho yangu yamekwisha. Hizi nyuzi nikiziweka mimi, nitakufumia nyavu ya dagaa. Mwite Shizuko."

"Yule birika?"

"Birika huyo huyo."

"Heri nimwite paka."

"Paka naye umemfukuza. Umebakiza nani? Mwite birika."

Kihei alizunguka bustani yake ndogo akipiga mawe teke. Kisha akaja mwenyewe hadi kwa Mjomba Eikichi, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shizuko. Kesho kutwa asubuhi, chumba cha nyuzi. Ukifanya vizuri, nafasi ya dada yangu ni yako, na baba yako atamwambia yule wakala wa Yokkaichi arudi zake. Ukicheka humo ndani mara moja, hata kwa pua, unatoka, na kizingiti changu usikikanyage tena maisha yako. Umenisikia?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mbona unatikisika?"

"Baridi, Fundi."

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Mbwa walikuwa wamelala chini ya mbao za karatasi, ndimi nje.

Asubuhi hiyo tulipita kwanza kwenye hekalu la Kannon, mungu wa huruma, pale penye mcheri wetu unaochanua hata wakati wa theluji. Shizuko alifumba mikono akasali kwa sauti: "Kannon, nipe huzuni. Ndogo tu. Ya mpaka saa nane." Mimi nikaanza kucheka, yeye akanikanyaga mguu.

Tulikaa chumbani, yeye upande mmoja wa fremu, mimi upande wa pili, Bibi Yone pembeni na feni yake ya karatasi. Ukutani kile kiolezo kilichokatika kilikuwa kinatutazama. Tulifungua karatasi mbili. Sikuwahi kuona mistari kama ile. Ukiitazama kidogo ilikuwa kama ukungu wa kahawia, ukiitazama sana ilianza kucheza ngoma, ikapanda ikashuka, chumba nacho kikapanda kikashuka, na kichwa changu kikawa chepesi kana kwamba nimekunywa sake ya harusi. Nilikuwa natoka jasho na nina furaha bila sababu. Nilimtazama Shizuko kwa jicho la pembeni. Alikuwa ametulia kabisa. Alitandaza uzi, akatandaza mwingine, akavuta, akaacha, vidole vinakwenda. Ulipofika wakati wa kurudisha karatasi ya juu, aliishusha polepole, na nikasikia kwamba naye hapumui.

Ikakaa pacha juu ya pacha.

Tukapaka maji ya kaki, tukapuliza taratibu ili utando utoke katika nafasi za mistari. Kisha tukainua fremu, mimi huku na yeye kule, tukaishika bapa usawa wa mabega ili mwanga wa dirisha la juu upite. Ndipo Fundi Kihei akaingia.

Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kunoa visu. Alipiga magoti, akatambaa akaingia chini ya fremu, akatazama juu kwenye mwanga. Aliangalia ncha hii hadi ncha ile. Tulisikia anahema. Alikagua tena. Hakuna mstari ulioyumba, hakuna uliomgusa mwenzake. Nadhani furaha ilimpanda ghafla, na kwa kuwa hakuizoea, hakujua la kuifanyia. Akasahau alipo. Akasimama.

Pwaa!

Upara wake ulipiga kiolezo kibichi katikati kabisa. Karatasi ikabonyea, nyuzi zikakaza, na zikamrudisha chini kama ngozi ya ngoma inavyoirudisha fimbo. Fundi Kihei, bingwa wa Shiroko, akakaa kitako mkekani akiwa amefumbua macho.

Hakuna aliyesonga. Mimi niliuma ulimi hadi nikasikia ladha ya damu. Shizuko alikuwa mbele yangu. Mabega, kimya. Masikio yalianza kuwa mekundu, yakawa mekundu zaidi, yakafika rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye mwili wa binadamu aliye hai. Pua, kimya.

"Nani amecheka?" Kihei akauliza kutoka chini.

"Hakuna aliyecheka," Bibi Yone akajibu. "Mmeangusha nini? Ngoma?"

Kihei alitoka chini ya fremu, akachunguza karatasi. Ilikuwa salama, hakuna mstari uliosogea. Akagusa upara wake ukiwa na unyevu, akachomoa kitambaa kiunoni, akajikausha. Watu wa kazi yetu hatufuti, tunabonyeza, maana ukifuta unaharibu, na mkono ukishazoea hauachi. Akabonyeza utosini, akabonyeza kisogoni, kwa uangalifu, kama ambavyo angekausha kazi.

Nikakitazama kile kitambaa. Kilikuwa cha kijivu. Kilikuwa kitambaa chake cha kinoo, cha kupangusia visu, kilichoshiba unga wa chuma. Yeye aliyetunga sheria za chumba kile! Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa amezidi.

"Fundi," nikasema, "hicho kita…"

"Kimya! Karatasi haijakauka. Mtu asifungue mdomo humu ndani mpaka nirudi na mgeni. Nakwenda stesheni."

Akatoka. Bila kofia, kwenye jua lile.

Tuliiweka fremu kivulini taratibu, kama tunalaza mtoto. Bibi Yone akainua kidevu.

"Kuna jambo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tazu, kuna nini?"

Nilimnong'oneza: kaki, chuma, upara. Bibi Yone alifunika uso wote kwa feni. Feni ikaanza kutetemeka.

"Mkimbilieni," ilisema feni. "Mbele ya mteja wa Tokyo! Mwambieni ajifunike!"

Tukakimbia. Shizuko alikuwa amejisokomeza taulo mdomoni, machozi yanamtiririka. Njiani nikamwambia, "Huko nje unaweza kucheka, mwana wee, sheria ni ya chumbani." Akatikisa kichwa kwa nguvu, akatoa taulo kidogo: "Nikianza sitaacha. Na yeye ana masikio." Akarudisha taulo.

Tulimwona mbele yetu, anatembea wima kama rula yake. Kutoka nyuma upara bado ulikuwa mweupe, na kijivu chepesi. Lakini jua lilikuwa linafanya kazi yake. Kila tulipopiga hatua mistari myeusi ilikolea, myembamba, iliyonyooka, kuanzia utosini hadi kisogoni. Kiolezo kizima kilikuwa kimejichapa kichwani mwa aliyekichonga.

Na hapa kwetu huwezi kupita bila kusalimiana. Mke wa muuza makaa akainama, Kihei akainama. Alipoinama, kichwa kizima kikawa mbele ya uso wa yule mama. Yule mama alibaki ameinama, hakuinuka tena, mgongo unaruka-ruka. Kihei, mtu wa adabu, akaona ameinamiwa sana, akainama zaidi. Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi wakainama. Watoto wa shule wakainama, kisha wakakimbia kumpita kwa uchochoroni ili wamwinamie tena mbele. Mtaa huu unazijua nakshi kuliko unavyojua watoto wake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nini. Muuza tofu alitusogelea, mdomo wazi.

"Tazu, ndiyo mtindo mpya wa Tokyo?"

Nilitaka kuita "Fundi!" Nilifungua mdomo kikatoka kitu kama kuku anayetaga. Kihei hakugeuka. Muuza tofu, kwa kukosa la kufanya, akapuliza tarumbeta.

Tulipofika stesheni treni ilikuwa imeshaingia. Bwana Wakisaka alishuka, mtu mfupi mwenye suti ya hariri na mkoba, na kucha zilizobaki na rangi ya buluu kama za watia rangi wote. Kihei akainama, chini, kwa heshima zote za mtaa.

Bwana Wakisaka alianza kuinama. Akasimama nusu. Akasogea. Akafungua mkoba, akatoa lenzi ndogo ya kuhesabia nyuzi za kitambaa, akaiweka jichoni.

"Fundi Kihei, tafadhali usiinuke."

"Bwana?"

"Kaa hivyo hivyo. Samahani sana. Dakika moja tu."

Stesheni nzima ilisimama. Mkata tiketi alisahau kukata tiketi. Bwana Wakisaka alizunguka kichwa kile upande wa kushoto, akazunguka wa kulia, pua yake karibu kugusa ngozi.

"Ajabu," alisema. "Imenyooka yote. Hakuna uliogusa jirani yake. Hata hapa penye nundu. Uliwahi kuanguka, Fundi?"

"Kutoka mti wa kaki. Nikiwa mdogo." Sauti ya Kihei ilitokea karibu na magoti yake. "Bwana unatazama nini?"

"Hata penye nundu hakuna uliotoka nje ya njia! Karatasi imebonyezwa juu ya kitu cha mviringo na mistari imebaki mistari. Mimi miaka yote hii natafuta kiolezo ambacho hakitasaliti mkono wangu. Nani aliweka nyuzi?"

"Nyuzi gani? Kiolezo kiko nyumbani kinakauka."

"Nakala unayo hapa," alisema Bwana Wakisaka, akamgusa utosini kwa kidole kimoja, kwa heshima.

Kulikuwa na kioo ukutani, cha abiria kujitazama kabla ya kusafiri. Kihei alikwenda mbele yake. Alijitazama, uso tu. Akainama ili aone upara, lakini ukiinama macho yanaona miguu. Akainuka. Akainama tena na kuviringisha macho juu haraka. Akainuka. Akainama, akainuka, akainama, na kila mara Kihei wa kwenye kioo akamrudishia salamu kwa adabu ile ile.

Taulo la Shizuko liliruka kama kizibo. Pua ikapiga filimbi, na kicheko kilichokuwa kimefungiwa tangu asubuhi kikatoka chote pamoja. Kiligonga bati la paa la stesheni kikarudi. Nikaanguka juu ya mizigo ya mtu. Muuza tofu, aliyekuwa ametufuata, alikaa chini na kukumbatia ndoo yake. Mkata tiketi alilia kwenye kofia. Bwana Wakisaka aligeukia ukuta, mabega yanapanda na kushuka.

Kisha Kihei akageuka, na sote tukanyamaza kama tumemwagiwa maji.

Alimtazama Shizuko. Kifua chake kilikuwa kimejaa na hakishuki. Nilimjua: alikuwa ameshika pumzi, kama kisu kiko kwenye rula. Shizuko alipiga magoti pale pale sakafuni. Alikuwa anatetemeka, na safari hii haikuwa kicheko. Nilijua anaona nini: mabweni, mashine, Yokkaichi.

"Nilipogonga kichwa," Kihei akasema, akitumia pumzi kidogo, "uliniona?"

"Ndiyo, Fundi."

"Na kitambaa?"

"Ndiyo, Fundi."

"Ukajizuia. Tangu pale hadi hapa."

"Nusura nife, Fundi."

Nyusi zikapanda.

"Basi wewe unashika pumzi kuliko mimi," alisema, na pumzi ikatoka. Ikatoka na sauti. Kwanza tulidhani treni inarudi nyuma. Ilikuwa kavu, ya kutu, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa tangu babu alipokufa, ikakwama, ikavutwa tena, na mwisho ikafunguka. Fundi Kihei alicheka hadi akajishika kwenye nguzo. "Haujakatika hata mmoja!" alikuwa anapiga kelele, akijigonga utosini. "Haujakatika hata mmoja!"

Mjomba Eikichi alimwambia wakala apite nyumba ya pili. Kaki ikishashika ngozi haina dawa, na Kihei alicheza ngoma ya sikukuu ya Bon na mistari yake kichwani, mtaa mzima ukimwinamia bila sababu ili tu ainame. Yule kijana wa Tsu naye alisikia habari, akaja mwenyewe bila mshenga. Alisema kwamba siku ile alipoanguka kwenye mochi, yeye pia alitamani kucheka, na Shizuko ndiye mtu pekee aliyemwona. Wakaoana; wana watoto wanne na wote wana mabega yale yale.

Lakini nilitaka kusema juu ya chumba. Kihei alihamisha meza yake, akaiweka upande wa pili wa ukuta wa karatasi wa chumba cha nyuzi. Kile kiolezo kilichokatika alikitoa, akakifanya kipepeo cha jiko. Na pakazaliwa desturi ambayo hakuna aliyeitangaza. Kisu kikiwa kinatembea, kimya. Mstari ukifika mwisho, Shizuko anacheka, kidogo tu, na Kihei anapumua. Hata muuza tofu alijua: alisubiri kicheko, kisha akapuliza.

Ilikwenda hivyo miaka mingi, hadi mikono ya Kihei ilipoanza kukataa. Majira ya kuchipua ya mwaka jana alituambia kiolezo kilichoko mezani ndicho cha mwisho. Siku ya kukimaliza tulisukuma kando ukuta wa karatasi tukamtazama. Aliweka rula. Alivuta kisu kuja kwake, polepole kuliko zamani, hadi ukingoni. Mstari ulifika. Akabaki pale pale, kisu mkononi, kifua kimejaa, hapumui.

Tulingoja. Nilimgeukia Shizuko. Alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili.

"Birika," Kihei alisema bila kugeuka, kwa pumzi ile kidogo iliyobaki. "Mbona huchemki?"

Mabega ya Shizuko yakaanza kutikisika. Sikujua ni kilio au ni nini, hata mimi niliyelala naye godoro moja. Masikio yakawa mekundu. Kisha pua ikapiga filimbi, na Fundi Kihei akapumua.